Ukikataliwa fidia ya ulemavu wa jeshi la Marekani, usiikunje ile barua: nilivyokata rufaa

Dereva_wa_Msafara

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa ndugu zetu waliovaa gwanda la Marekani, pamoja na wake, waume na wazazi wao. Tupo wengi kuliko watu wanavyodhani. Mimi niliingia mwaka 2010 kupitia MAVNI, ule mpango ulioanza 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Lugha ya mama ndiyo iliyonifungulia mlango, na miaka mingi baadaye lugha hiyohiyo ikanipunja. Nitafika huko.

Nilikuwa dereva wa malori Afghanistan. Kambini kwetu taka zote zilichomwa kwenye shimo la wazi: plastiki, betri, matairi, mabaki ya vyakula, vyote vikimwagiwa mafuta ya ndege. Alfajiri moshi ulikuwa umelala juu ya mahema kama ukungu wa Lushoto, ila huu ulikuwa unawasha macho. Tulikohoa makohozi meusi, tukanywa kahawa, tukapanda malori. Hakuna aliyekwenda zahanati kwa sababu ya kikohozi. Ungeonekana mlegevu, na msafara usingekusubiri.

Nilitoka jeshini 2014. Mwaka 2016 daktari akaniambia nina pumu. Nikafungua madai mawili VA, yaani Idara ya Maveterani: pumu na mlio wa masikioni. Masikio yakapita kwa asilimia 10, ambayo kwa mlio ndiyo ya juu kabisa. Pumu ikakataliwa. Nilisoma mstari wa kwanza tu, nikaikunja barua, nikaitupia kwenye droo ya jikoni. Ilikaa humo zaidi ya miaka sita.

Ninaandika haya kwa sababu najua wangapi wetu wana droo kama ile.

Barua inasema nini hasa

Siku nilipoitoa na kuisoma hadi mwisho, niligundua kwamba hakuna mahali waliposema mimi ni mwongo. Walisema kuna vitu havipo kwenye faili. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Dai la fidia linakaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni ugonjwa ulio nao sasa, uliothibitishwa na daktari. La pili ni jambo lililokupata ukiwa kazini jeshini: ajali, kelele, moshi, shambulio, mzigo wa kila siku mgongoni. La tatu ni kiungo, yaani maelezo ya kitaalamu yanayounganisha la kwanza na la pili. Figa moja likikosekana, chungu kinaanguka hata kama mawili yaliyobaki ni ya mawe ya mlimani. Barua yangu ilikubali kwamba nina pumu. Ikasema kumbukumbu za jeshini hazionyeshi matibabu ya kifua, na hakuna daktari aliyeunganisha pumu na utumishi. Nilikuwa nimesimamisha figa moja tu.

Kiwango cha ushahidi wanachotaka si kile cha kesi ya mauaji. Daktari haambiwi aape kwamba ana uhakika. Anatakiwa kusema kama uwezekano ni angalau nusu kwa nusu kwamba ugonjwa umetokana na utumishi, kisha aeleze kwa nini. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inataka shaka impendelee askari. Ndiyo maana barua ya daktari yenye sentensi moja, "huenda ni jeshini", haisaidii. Wanapima sababu alizotoa: amesoma faili, ametaja ulikuwa wapi na kwa muda gani, amesema kwa nini si sigara, kwa nini si urithi.

Kwenye barua za uamuzi za siku hizi kuna sehemu inayoorodhesha mambo waliyoyakubali upande wako. Itafuteni kwa kalamu ya rangi. Jambo likishaandikwa pale, mwamuzi wa baadaye amefungwa nalo, isipokuwa aonyeshe kosa la wazi. Wengi wanaandika kurasa nne kuthibitisha walikuwa vitani, kumbe VA ilishakubali hilo, na figa lililoanguka wameliacha hapohapo chini.

Njia tatu

Kwa barua yoyote iliyotoka kuanzia tarehe 19 Februari 2019, unachagua njia moja kati ya tatu kwa kila dai.

Kama una ushahidi mpya unaolihusu dai, ni dai la nyongeza, fomu 20-0995. Kama faili lina kila kitu ila unaamini waliamua vibaya, ni mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996: ofisa mwandamizi analitazama upya, lakini hapokei karatasi mpya hata moja. Unaweza kuomba mazungumzo ya simu naye, wewe au mwakilishi wako, kumwonyesha kosa lilipo. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani kule Washington, fomu 10182, kwa jaji. Hapo unachagua tena: jaji asome faili lilivyo, au uongeze ushahidi ndani ya siku 90, au usikilizwe naye ana kwa ana au kwa video. Bodi ni foleni ndefu, hasa ukitaka kusikilizwa. Bodi nayo ikikataa, kuna Mahakama ya Rufaa za Maveterani, na una siku 120.

Mwaka mmoja kutoka tarehe iliyo kwenye barua. Naomba hili mlishike kuliko yote. Ukijibu ndani ya mwaka, tarehe yako ya mwanzo inabaki hai, na ukishinda malimbikizo yanahesabiwa toka huko. Mwaka ukipita, dai la nyongeza bado unaruhusiwa kulileta wakati wowote, lakini kwa kawaida hesabu inaanza upya siku uliyolileta. Laiti ningetafuta daktari wa kuunganisha mwaka ule wa 2016 na nikashinda, ningehesabiwa toka 2016. Miaka yangu sita imekwenda na droo.

Pumu

Kilichoniinua ni sheria ya PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022. Imebeba jina la Sajenti Heath Robinson wa Ohio, aliyefariki 2020 kwa saratani ya mapafu baada ya kutumikia Iraki. Sheria hii imebadilisha mafiga. Kama ulikuwa kwenye nchi zilizotajwa, nchi yenyewe inatosha kuwa ushahidi wa moshi, na kwa magonjwa yaliyoorodheshwa kiungo kinadhaniwa kipo. Pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi imo. Mafua sugu na sainasi sugu yamo. Saratani kadhaa zimo. Kwa wazee wa Vietnam waliopuliziwa ile sumu ya kuua majani, Agent Orange, hata ugonjwa wa shinikizo la damu umeongezwa.

Nilipeleka dai la nyongeza Mei 2023: barua ya kuachishwa jeshi inayoonyesha nilikuwa wapi, ripoti ya vipimo vya mapafu, na orodha ya dawa kutoka duka la dawa ikionyesha navuta dawa kila siku. Dawa ya kila siku ndiyo inayokupeleka asilimia 30. Likapita. Kwa kuwa lilifika kabla ya tarehe 14 Agosti 2023, walinihesabia toka siku sheria iliposainiwa.

Mgongo, na neno "sijambo"

Pamoja na pumu nilifungua dai jipya la mgongo. Miaka ya kurushwarushwa kwenye lori la kivita, na deraya juu. Wakanipeleka kwenye uchunguzi, ule tunaouita C&P, kwa daktari wa mkataba.

Aliingia, akanisalimu, akauliza naendeleaje. Nikasema niko sawa, nashukuru.

Wakuu, tulilelewa hivyo. Mtu akikuuliza hujambo unasema sijambo, yaani huna jambo, hata kama umetoka kumzika mtu. Habari za nyumbani? Nzuri. Kisha ndipo, taratibu, "ila mtoto anaumwa". Kwetu salamu ni mlango, maneno yenyewe yako ndani ya nyumba. Yule daktari hakuwa na dakika za kuingia ndani. Akaniambia niiname, nikauma meno nikainama mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa kwa mama na kama nilivyofundishwa depo. Akapima, akaandika. Nilipewa asilimia 10.

Nikaomba nakala ya faili langu kwa fomu 20-10206. Nilipoisoma ripoti ya uchunguzi nilikaa kimya muda mrefu. Mgonjwa anasema yuko sawa. Mgonjwa hana siku za kuchachamaa kwa maumivu. Lakini ndani ya faili lilelile kulikuwa na maelezo yangu ya maandishi kwamba mara mbili tatu kwa mwezi siwezi kuinama kuvaa soksi na mke wangu ananivalisha viatu. Hakuniuliza hata mara moja kuhusu siku hizo.

Hapo niliyachagua mapitio ya ngazi ya juu, kwa sababu ushahidi ulikuwa tayari ndani. Mwakilishi wangu, wa chama cha maveterani, hakunitoza senti. Kwenye simu hakulalamika. Alitaja ukurasa wa ripoti, akataja ukurasa wa maelezo yangu, akakumbusha kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Maveterani ilisema mchunguzi anatakiwa aulize juu ya siku za kuchachamaa na akadirie hali inavyokuwa siku hizo. Dakika kumi na tano. Ofisa akakubali kwamba uchunguzi ulikuwa na upungufu, akarudisha dai lifanyiwe uchunguzi mwingine.

Safari ya pili nilikwenda na kikaratasi. Nilipoulizwa naendeleaje nilisema, "Leo ni siku ya wastani, siku mbaya ziko hivi." Nilipoinama nikafika pale maumivu yanapoanza, nilisema hapa ndipo yanapoanza, na nilipofika pale nisipoweza, nilisimama. Sikuongeza chumvi. Kuongeza chumvi ni dhambi na ni kosa la jinai, na wachunguzi wanakutazama toka unaposhuka kwenye gari. Lakini pia sikuficha. Nikapata asilimia 20 ya mgongo.

Msije mkashangaa hesabu yao: 30, 20 na 10 kwao si 60. Wanachukua 30 ya mwili mzima, kisha 20 ya ule uliobaki, kisha 10 ya uliobaki tena. Inafika karibu 50, na ndiyo ninayolipwa. Fedha hiyo haikatwi kodi, na kuanzia asilimia 30 wanaongeza kwa ajili ya mke na watoto.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Kijana_wa_Houston

Mkuu heshima kwako. Mimi kuna kampuni imenipigia simu, wanasema watanipandishia asilimia kwa uhakika, na nikishinda niwape nyongeza yangu ya miezi kadhaa. Wameniomba hadi nywila ya akaunti yangu ya VA. Pili, samahani kama nitaudhi, babangu ananiambia kudai hela kwa ugonjwa wakati natembea kwa miguu yangu ni ombaomba.

Dereva_wa_Msafara

Mdogo wangu, nywila usimpe mtu. Badilisha leo kama ulishatoa.

Sheria iko hivi: kwa dai la kwanza kabisa hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kukuandalia. Baada ya uamuzi wa kwanza, wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA anaweza kutoza, na ada ya hadi asilimia 20 ya malimbikizo inachukuliwa kuwa ya haki. Ikizidi theluthi moja inachukuliwa kuwa si ya haki. Hiyo ni sehemu ya malimbikizo, si mshahara wako wa miezi ijayo. Tafuta jina lao kwenye orodha ya walioidhinishwa iliyo kwenye tovuti ya VA. Wasipokuwemo, kata simu. Vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW vina wawakilishi wasiotoza kitu, ila uwezo wao unatofautiana. Wa kwanza asipokujibu nenda kwa wa pili.

Kuhusu baba, mwambie kwa upole. Siku ya kuandikishwa walikupima meno, macho, moyo, magoti. Kisheria unahesabiwa uliingia mzima, isipokuwa kwa lile waliloliandika siku ile. Ulikabidhi mwili mzima, umerudishiwa uliopungua. Mkulima akiazimwa jembe likarudi limevunjika mpini, halafu akaambiwa utalipwa mpini, nani atamwita ombaomba? Mimi mwenyewe nilikuwa na fikra kama za baba yako na zimenigharimu.

Mama_Wawili

Kaka, nimesoma huku nalia. Mume wangu alikuwa Iraki. Usiku anaamka anapiga kelele, anakagua milango mara tatu nne, kwenye harusi za watu wetu hapa hakai zaidi ya nusu saa. Walimkatalia PTSD, ule ugonjwa wa akili unaoletwa na mambo ya kutisha kama vita, miezi mitano iliyopita, barua inasema hana ugonjwa uliothibitishwa. Nikamuuliza uliwaambia nini, akasema niliwaambia nalala vizuri. Hataki kurudi. Anasema yeye si kichaa. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami sitaki kifike hapo.

Dereva_wa_Msafara

Pole sana shemeji.

Kwanza lililo kubwa kuliko fidia. Vet Center, vituo vya ushauri vya VA, zina ushauri wa bure kwa waliokuwa vitani, na familia inapokelewa pia. Usiku ukiwa mbaya, piga 988 kisha bonyeza 1. Wewe mwenyewe unaweza kupiga, si lazima awe yeye.

Sasa dai. Miezi mitano ina maana mna miezi saba ya kulinda tarehe. Figa lililoanguka ni la kwanza, kwa hiyo msihangaike na mapitio ya ngazi ya juu, maana hayapokei kitu kipya. Mnahitaji daktari wa akili au mwanasaikolojia amwone na aandike. Kumshawishi, usiliseme neno ugonjwa wa akili kama linamchoma. Mwambie ni usingizi. Wengi wetu tuliingia kwa mlango wa usingizi.

Na wewe ni shahidi. Kuna fomu 21-10210 ya maelezo ya mashahidi. Usiandike "mume wangu ana PTSD", hiyo ni kazi ya daktari. Andika ulichokiona kwa macho yako: alikuwaje kabla hajaondoka, amerudi akiwaje, anaamka mara ngapi kwa wiki, anafanya nini mlangoni, lini mara ya mwisho mlitoka kwenye sherehe na kwa nini. Ukishaanza kulala chumba cha watoto kwa sababu anarusha mikono, liandike, hata kama ni aibu. Anayeamua hajawahi kulala nyumbani kwenu. Mahakama zimeshasema kwamba maelezo ya watu wa kawaida hayatupwi kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule.

Jingine: kama kinachomsumbua kinatokana na hofu ya kushambuliwa na adui, toka 2010 hahitaji kuleta ripoti ya tukio. Mtaalamu wa VA au wa mkataba wao akithibitisha kwamba hofu hiyo inatosha kuleta ugonjwa, na maelezo yake yanalingana na mahali na mazingira aliyotumikia, yanakubalika.

Mzee_wa_Kisauni

Vijana, salaam aleikum. Mimi nimerudi Mombasa kupumzika. Nilikuwa na Waamerika Somalia mwaka 1993, Mogadishu. Pua na uso haviniachi toka wakati ule, sainasi kila msimu. Niliomba miaka ya tisini, wakakataa. Barua sijui iko wapi. Je, nimechelewa? Na mtu akiishi huku hulipwa?

Dereva_wa_Msafara

Shikamoo mzee. Hujachelewa.

Somalia imo kwenye nchi za sheria ya PACT kwa waliokuwa huko kuanzia tarehe 2 Agosti 1990. Djibouti nayo imo, kwa waliokuwa huko kuanzia tarehe 11 Septemba 2001, na ninalisema hili kwa vijana waliopita Camp Lemonnier wakadhani Afrika haihesabiwi. Sainasi sugu iko kwenye orodha. Kwa hiyo hutaulizwa kiungo. Utahitaji kuonyesha kwamba ulikuwa Somalia na kwamba daktari ameithibitisha sainasi kuwa sugu. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo hapo Mombasa, akupige picha ya CT ya sainasi, aandike ripoti kwa Kiingereza, na aeleze ni mara ngapi kwa mwaka inakulaza au unatumia antibiotiki, maana asilimia inakwenda kwa idadi hiyo.

Ni dai la nyongeza, 20-0995, kwa kuwa ulishawahi kukataliwa. Barua ya zamani isikuzuie, nakala iko kwenye faili lako na unaweza kuiomba. Fidia inalipwa popote unapoishi. Likishakubaliwa, jiandikishe kwenye mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi. Mpango huo unalipia gharama za ugonjwa uliokubaliwa hata ukitibiwa Kenya. Tunza risiti zote, mzee, toka leo.

Mzee_wa_Kisauni

Marahaba mwanangu. Nina picha yangu nimesimama uwanja wa ndege wa Mogadishu na wenzangu, nyuma kuna tarehe. Hiyo inafaa?

Dereva_wa_Msafara

Inafaa sana kusindikiza. Iliyo na nguvu zaidi ni DD-214, karatasi yako ya kuachishwa. Itazame kwenye sehemu ya nishani na maelezo ya chini, mara nyingi Somalia imeandikwa pale. Kama imepotea, inaombwa bure kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi, St. Louis. Piga picha pande zote mbili za ile ya uwanja wa ndege, na kama mmoja wa wale uliosimama nao bado yuko hai, mtafute aandike ile fomu ya shahidi. Aseme ulikuwa naye wapi, miezi gani, na alikuona ukiumwa nini.